Shajara ya mradi: stethoskopu ya kunasa sauti za moyo, Kisumu, Februari hadi Julai 2025

8 Februari 2025: Sababu ya mradi na vifaa vya kwanza

Mradi huu una lengo moja: kuwapa matabibu walio mazoezini katika hospitali yetu, iliyo ndani ya kaunti ya Kisumu, rekodi halisi za sauti za moyo zilizonaswa kutoka kwa wagonjwa wa hapa hapa, ili masikio yao yazizoee kabla hawajaachwa peke yao zamu ya usiku. Mimi ni tabibu mwenye miaka kumi na mmoja kazini. Ninaiandika shajara hii ili mwenzangu wa Siaya, Homa Bay au Busia akitaka kuufuata mradi huu asirudie makosa yetu, na ndiyo sababu makosa yatachukua nafasi kubwa kuliko mafanikio.

Aliyenisukuma kuanza ni msichana wa miaka kumi na minne aliyeletwa kwetu mwaka jana akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa nimonia mara tatu katika vituo viwili, na katika kila karatasi aliyobeba mama yake kulikuwa kumeandikwa kwamba moyo ni wa kawaida. Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikaweka upande wa kengele ya stethoskopu, ule wenye umbo la kikombe unaonasa milio mizito, kwenye ncha ya moyo bila kuukandamiza, na baada ya kutulia kwa muda nikausikia mvumo mzito, wa chini, ukinguruma katikati ya diastoli, yaani kipindi ambacho moyo umelegea na kujaa damu. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, katika hospitali ya rufaa kilithibitisha kwamba vali ya mitrali, mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa imebana, kovu lililoachwa na homa ya baridi yabisi. Siamini kwamba waliomwona kabla yangu walizembea. Ninaamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwasikilizisha mvumo huo, na sikio haliwezi kuutambua mlio ambao halijaujua.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Stethoskopu ya bei nafuu inakatwa mpira wake sentimita kumi kutoka kwenye kichwa kinachowekwa kifuani, kidonge cha maikrofoni chenye kipenyo cha milimita 6 kinasukumwa ndani ya mpira huo, na waya wenye kinga unakiunganisha na plagi ya simu. Nimenunua stethoskopu kwa shilingi 1,200, vidonge vinne vya maikrofoni kwa shilingi 60 kila kimoja, plagi mbili kwa shilingi 80 kila moja, na mita moja ya waya kwa shilingi 100. Fundi wa simu wa mtaa wa Kondele ameomba shilingi 300 kwa kazi ya kulehemu. Jumla ni shilingi 2,000.

22 Februari 2025: Vidonge viwili vimeharibika, na simu imetuhadaa

Kidonge cha kwanza kiliungua. Ndani yake mna sehemu ndogo ya elektroniki isiyovumilia joto, na fundi alikiwekea chuma cha kulehemu muda mrefu kama afanyavyo kwenye waya mnene. Cha pili kilifungwa kinyume: miguu yake miwili haifanani kazi, na ule unaoonekana kuungana na bati la nje ndio wa ardhi. Kwa cha tatu tulikibana kidonge kwenye kipande cha chuma kinachofyonza joto, tukapaka risasi kwenye waya kwanza, na chuma cha moto kikagusa kila mguu kwa muda usiozidi sekunde mbili. Hicho kinafanya kazi hadi leo.

Kosa lililofuata lilitupotezea wiki nzima, nalo ningependa msomaji alitilie maanani. Tulipochomeka plagi, simu ilirekodi sauti, nasi tukafurahi. Sauti ya moyo ilikuwa hafifu sana, tukadhani tatizo ni kidonge. Ukweli ni kwamba simu ilikuwa ikiendelea kutumia maikrofoni yake yenyewe na kunasa mlio wa mbali kupitia hewa ya chumba. Plagi ya simu ina ncha, pete mbili na shina, na kuna mipangilio miwili ya nyaya zake: katika mmoja maikrofoni iko kwenye shina na ardhi kwenye pete ya pili, katika mwingine mambo hayo mawili yamebadilishana. Fundi alifuata mpangilio wa zamani, ilhali simu yangu inataka ule mwingine. Tuligundua kwa kugonga kichwa cha stethoskopu kwa kidole huku tukitazama mchoro wa sauti kwenye kioo: mchoro haukutikisika hata kidogo, lakini nilipogonga simu yenyewe uliruka. Kipimo hiki cha kidole kinachukua sekunde moja na kingetuokolea wiki. Sasa tunakifanya kabla ya kila rekodi.

8 Machi 2025: Mpira unaovuja unameza milio mizito

Wiki mbili za majaribio kwenye vifua vyetu wenyewe zilileta jambo la kutatanisha. Sauti ya kwanza ya moyo, ya vali zinazofunga moyo unapoanza kukaza, na ya pili, ya vali zinazofunga unapoanza kulegea, zilisikika, lakini zilikuwa kavu na nyembamba, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Nilimrekodi kijana mmoja wa kazini, mwanamichezo, ambaye kwa stethoskopu ya kawaida ninaisikia kwake sauti ya tatu, ile inayokuja mara baada ya ya pili wakati damu inapoingia kwa kasi kwenye ventrikali, chumba cha chini cha moyo, na ambayo kwa kijana mwenye afya si ugonjwa. Katika rekodi haikuwapo kabisa.

Ili kulielewa tatizo hili ni lazima kukumbuka kwamba sauti za moyo ni za chini sana. Sehemu kubwa yake iko kati ya hezi 20 na 500, yaani mitetemo 20 hadi 500 kwa sekunde. Sauti ya tatu na ya nne, ile inayotangulia kidogo sauti ya kwanza, ziko chini kabisa ya ngazi hiyo, na mvumo wa vali ya mitrali iliyobana hauko mbali nazo, huku mvumo wa vali inayovuja ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ukiwa juu, kama pumzi inayopita kati ya meno. Laennec, daktari Mfaransa aliyebuni stethoskopu, alipokunja karatasi kuwa bomba mjini Paris mwaka 1816 alitumia kanuni ileile tunayoitumia sisi, kwamba safu ya hewa iliyofungwa inabeba mtetemo kutoka kifuani. Neno la kuzingatia hapo ni "iliyofungwa". Hewa ikipata tundu, hata la upana wa sindano, msukumo wa polepole wa milio mizito unatorokea tunduni badala ya kufika kwenye maikrofoni, ilhali milio myembamba, inayokwenda kwa kasi, inapita karibu bila kupungua. Kwa hiyo kifaa kinachovuja hakinyamazi. Kinaendelea kutoa sauti safi inayokufanya ukiamini, huku kikikuficha mvumo uleule unaoutafuta.

Tundu letu lilikuwa pale waya unapotoka kwenye mpira. Tulijaza silikoni (shilingi 350), tukaiacha usiku kucha ikauke, kisha tukavisha kipande cha mpira unaosinyaa kwa joto (shilingi 50). Nilipomrekodi tena yule mwanamichezo akiwa amelala ubavu wa kushoto, sauti ya tatu ilionekana kwenye mchoro kama kilima kidogo baada ya ya pili. Nimekisikiliza kile kilima mara nyingi kuliko inavyohitajika.

29 Machi 2025: Vichujio vya simu na mngurumo wa umeme

Mambo mawili yaliharibu rekodi za mwezi huu, na yote mawili yalitoka kwenye mashine.

La kwanza ni kwamba programu ya kurekodi iliyomo ndani ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno. Inapunguza kila kisichofanana na sauti ya mtu, na inapandisha mlio hafifu na kushusha mkubwa ili vyote vilingane. Kwa mazungumzo hilo ni jambo jema. Kwa moyo ni hasara, kwa sababu ukubwa wa sauti moja ukilinganishwa na nyingine ni sehemu ya utambuzi: sauti ya kwanza inayogonga kwa nguvu kwenye ncha ya moyo ni dalili mojawapo ya vali ya mitrali iliyobana, na simu ilikuwa ikiishusha hadi ilingane na ya pili. Simu za Android kuanzia toleo la 7.0 zinaweza kuruhusu programu ipokee sauti isiyochujwa, lakini si kila simu inaitekeleza ruhusa hiyo. Baada ya kujaribu simu tatu niliamua kuiacha njia hiyo na kununua kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye kompyuta, kwa shilingi 900. Tunarekodi kwa programu ya Audacity, sampuli 44,100 kwa sekunde, katika faili la WAV lisilobanwa. Sekunde kumi na tano hazifiki megabaiti moja na nusu, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tukitumiana, tunalituma kama hati wala si kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa upya njiani.

La pili ni mngurumo mfululizo uliojaa rekodi zote za chumba cha uchunguzi. Nilidhani ni jokofu la chanjo. Tulilizima kwa dakika moja kwa ruhusa ya muuguzi, na mngurumo ukabaki palepale. Chanzo kilikuwa chaja ya kompyuta. Umeme wa Kenya unabadilika mara 50 kwa sekunde, na hezi 50 ziko katikati ya eneo la sauti ya tatu, ya nne na mvumo wa mitrali. Mwenzangu alipendekeza tuziondoe hezi hizo kwa kichujio cha kompyuta, nasi tukafanya hivyo kwenye rekodi nne, kisha tukagundua kwamba tulikuwa tumekondesha sauti ya tatu pamoja na mngurumo. Dawa halisi ilikuwa kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri tu. Rekodi zile nne tumezifuta.

19 Aprili 2025: Idhini, jina lililonaswa, na mvua

Barua ya mkuu wa hospitali na kibali cha kamati ya maadili vimepatikana. Habari za afya ya mtu zinalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, na sisi tumejiwekea kanuni kali zaidi: faili halina jina wala namba ya mgonjwa, lina namba ya mfululizo, umri kwa miaka, mahali kichwa kilipowekwa na mkao wa mgonjwa. Mzazi anatia sahihi, na mtoto mwenye kuelewa anaulizwa mwenyewe kwa lugha anayoijua. Wengi hapa tunaongea nao Kijaluo, na neno lao la moyo, adundo, linafanya maelezo kuwa mepesi, kwa sababu mtoto akilitamka huku mkono wake ukiwa kifuani analisikia likijipiga. Fomu zimegharimu shilingi 240 kuchapisha. Kila anayekubali kurudi kwa ajili ya rekodi anarejeshewa nauli ya shilingi 300. Kwa watu kumi na wawili itakuwa shilingi 3,600, gharama kubwa kuliko zote, na singeipunguza.

Kosa la hatua hii ni langu. Katika rekodi ya tatu, maikrofoni ilikuwa imewashwa mapema na ikanasa sauti ya mama akimwita mwanawe kwa jina lake kamili ili atulie. Sikuligundua mpaka jioni. Kulikata jina kungetosha kiufundi, lakini faili la awali lilikuwa limeshanakiliwa mahali pawili. Nilifuta nakala zote, nikampigia mama yule simu kumweleza, naye akakubali kuja tena. Tangu siku hiyo tunawasha kifaa baada ya kichwa kuwekwa kifuani na watu wote kunyamaza, na sikilizo la kwanza linafanywa palepale kabla mgonjwa hajaondoka.

Mvua nayo imetuamulia ratiba. Chumba chetu kina paa la mabati, na hapa karibu na ziwa mvua ya Aprili hupenda kushuka alasiri. Rekodi zote sita za alasiri mbili mfululizo hazifai kwa lolote. Sasa tunarekodi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla bodaboda hazijajaa langoni.

17 Mei 2025: Rekodi namba 9 ilikuwa na jina lisilo lake

Tumekamilisha watu kumi na mmoja. Ninataka kuieleza rekodi moja kwa kirefu, kwa sababu ilikaribia kuingia kwenye mafunzo ikiwa na kosa.

Mtoto wa miaka sita mwenye selimundu, aliyekuwa na upungufu mkubwa wa damu, alirekodiwa akiwa ameketi kwenye mapaja ya nyanya yake. Karibu na mfupa wa mtulinga tulisikia mvumo usiokatika, unaopita sauti ya pili bila kusimama na kuendelea hadi kwenye diastoli. Mvumo usiokatika ndio alama mashuhuri ya mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu tumboni mwa mama, ule unaopaswa kuziba baada ya kuzaliwa, ukibaki wazi. Daktari Gibson wa Uskoti aliueleza mvumo huo mwaka 1900. Tuliandika hivyo kwenye lebo, tena kwa furaha, kwa kuwa tulikuwa hatuna mfano wake.

Daktari wa watoto aliyezisikiliza rekodi zetu kwa hisani aliuliza swali moja tu: "Mlipomlaza chali, ulikuwepo?" Hatukuwa tumemlaza. Mtoto aliporudi kliniki wiki iliyofuata tulimsikiliza tena akiwa ameketi, na mvumo ulikuwepo, mkubwa zaidi juu ya mtulinga wa kulia kuliko chini ya ule wa kushoto. Nilibonyeza taratibu mshipa wa shingo kwa kidole gumba, ukatoweka papo hapo, nilipouachilia ukarudi. Tulipomlaza, haukusikika tena. Ule ulikuwa uvumi wa vena, yaani mlio wa mshipa unaorudisha damu moyoni, damu nyepesi inayoteremka kwa kasi shingoni, jambo lisilo na madhara kwa moyo na ambalo upungufu wa damu huliongeza. Nyanya yake, aliyekuwa ameshaambiwa kwamba huenda mtoto akahitaji kupelekwa kwa wataalamu wa moyo, alikaa kimya kisha akasema, "Daktari, wiki hii sijalala." Nilimwomba radhi.

Marekebisho yamekuwa mawili. Hakuna lebo inayoandikwa kabla mgonjwa hajasikilizwa katika mikao mitatu: ameketi, amelala chali, na amelala ubavu wa kushoto. Na hakuna anayeambiwa jina la ugonjwa kutokana na rekodi peke yake.

Eneo hili la ziwa lina selimundu nyingi na malaria nyingi, kwa hiyo upungufu wa damu unatuletea mivumo mingi ya watoto isiyo na kasoro yoyote ya vali. Damu nyepesi inayosukumwa haraka inatoa mvumo laini katika sistoli, yaani wakati moyo unapokaza, mfupi, unaosikika zaidi ukingo wa kushoto wa mfupa wa kidari, usiosafiri kwenda kwapani wala shingoni, nao hupungua damu ikipanda. Mvumo wa vali ya mitrali inayovuja, kwa upande wake, unashika sistoli yote tangu sauti ya kwanza hadi ya pili bila kupanda wala kushuka na unakwenda kwapani. Mvumo wa diastoli ni jambo lingine kabisa: ukiacha uvumi wa vena, hakuna mvumo unaoanguka ndani ya diastoli ninaokubali kuuita wa kawaida mpaka eko iseme hivyo.

14 Juni 2025: Mafunzo ya kwanza, na mpangilio uliobidi ugeuzwe

Matabibu sita walio mazoezini wamepitia vipindi vinne. Kipindi cha kwanza kilishindwa, na sababu zake zilikuwa tatu zilizofuatana.

Kwanza, nilicheza rekodi kwa spika ya kompyuta. Mvumo wa mitrali inayovuja ulisikika vizuri, wa mitrali iliyobana haukusikika kabisa, na wanafunzi wakasema kwa adabu kwamba wanausikia. Spika ndogo haiwezi kutoa milio ya hezi 40 au 60, na sikio la mtu nalo ni zito kwa milio hiyo hata ikiwepo. Nimenunua hedifoni mbili zinazofunika sikio lote kwa shilingi 750 kila moja, pamoja na kigawanyio cha shilingi 200, na wanafunzi wanasikiliza wawili wawili.

Pili, mwenzangu alikuwa ametengeneza mivumo ya kompyuta kwa kuchukua kelele tupu, kuichuja na kuipachika kati ya milio miwili ya kugonga kwa mapigo 60 kwa dakika. Wote sita waliitambua bila shida. Tulipowapa rekodi halisi, wanne walipotea. Moyo wa kompyuta haupumui. Moyo halisi unaharakishwa na woga, mvumo wake unabadilika mgonjwa anapovuta pumzi, sauti yake ya pili inagawanyika wakati wa kuvuta pumzi kwa kuwa vali ya mapafu inachelewa kidogo kufunga, na juu ya yote kuna tumbo linalonguruma na nywele zinazokwaruza kiwambo, upande bapa wa kichwa cha stethoskopu. Milio ya kompyuta tumeiacha kwa saa ya kwanza tu, kwa zoezi la kuhesabu wakati.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona zito zaidi, nilianza na majina. Niliwafundisha mivumo kama orodha ya magonjwa, nao wakaanza kubahatisha majina kabla hawajajua mvumo umeanguka wapi. Mapigo yakiwa polepole, kimya kati ya sauti ya pili na ya kwanza ni kirefu kuliko kile kilicho kati ya ya kwanza na ya pili, na mwanafunzi anaweza kujiongoza kwa hilo. Mapigo yakizidi 120 kwa dakika, kama ilivyo kwa watoto wengi wenye homa, vimya viwili vinakaribia kulingana na mwongozo huo unatoweka. Niligeuza mpangilio. Kipindi cha pili chote hakuna aliyeruhusiwa kutaja ugonjwa. Kila mmoja aliweka vidole viwili kwenye mshipa mkubwa wa shingo wa mwenzake huku akisikiliza, na kutamka "kwanza" kila mara alipoisikia sauti inayoshabihiana na msukumo chini ya vidole. Mshipa wa kifundo cha mkono haufai kwa zoezi hili, kwa kuwa msukumo wake unachelewa. Baada ya dakika arobaini chumba kizima kilikuwa kikisema "kwanza, kwanza, kwanza" kwa sauti tofauti na kwa mapigo tofauti.

Kipindi cha tatu tuliongeza ukubwa wa mvumo kwa ngazi sita za Levine, daktari wa moyo wa Marekani, alizozipendekeza mwaka 1933, na kanuni ambayo kiganja kinaweza kuithibitisha, kwamba kuanzia ngazi ya nne kifua kinatetema chini ya mkono. Kipindi cha nne kilikuwa wodini. Binti mmoja kati ya wanafunzi alimsikiliza mama mjamzito aliyekuwa akichoka haraka, akanyamaza, akamwomba kwa upole ageukie ubavu wa kushoto, akageuza kichwa cha stethoskopu kwenye upande wa kengele na kukaa nacho kwa muda mrefu, vidole vyake vikiwa shingoni mwa mgonjwa. Kisha akaniambia, "Mwalimu, iko baada ya pili. Sijui ni nini, lakini iko baada ya pili." Nilisikiliza, na ilikuwa baada ya pili. Mama yule ameandikiwa rufaa ya eko siku ileile.

5 Julai 2025: Gharama, na yaliyobaki

Jumla hadi leo ni shilingi 8,840: kifaa 2,000, silikoni na mpira wa kusinyaa 400, kadi ya sauti 900, hedifoni na kigawanyio 1,700, fomu 240, nauli 3,600. Kompyuta ilikuwepo.

Eko ya yule mama mjamzito imerudi: vali ya mitrali imebana kwa kiasi, naye sasa anafuatiliwa na kliniki ya moyo pamoja na ya wajawazito. Msichana wa miaka kumi na minne, ambaye sasa ana kumi na mitano, anaendelea kudungwa penisilini ya benzathini kila wiki nne ili homa ya baridi yabisi isirudi na kuongeza kovu, na ametupa idhini ya kumrekodi mara mbili. Rekodi zake ni namba 1 na namba 12, na ndizo ninazozichezea wanafunzi wapya mwanzo na mwisho.

Pengo kubwa lililobaki ni vali ya aota inayovuja. Mvumo wake ni wa juu na mwembamba, unaanza pamoja na sauti ya pili na kufifia, na unasikika kwa upande wa kiwambo, mgonjwa akiwa ameketi, ameinama mbele na ameshikilia pumzi baada ya kuitoa yote. Tunaye mgonjwa mmoja aliyekubali, lakini katika rekodi mbili za kwanza mvumo umefunikwa na mkwaruzo wa mkono unaoshika kichwa. Tunajaribu kukifunga kwa mkanda mpana wa kitambaa badala ya kukishika.

Silikoni ya mwezi Machi imeanza kubanduka upande mmoja. Niligundua kwa sababu kila asubuhi ninarekodi sekunde kumi za kifua changu mwenyewe, mahali palepale, na kulinganisha kimo cha sauti ya kwanza na cha jana yake. Jumatano kilikuwa kimeshuka hadi nusu. Kifaa cha pili, chenye mpira wa sentimita sita na kidonge cha nne, kinakauka mezani kwa fundi.